Tuuelewe Mfumo Mpya wa Kuwapima Watoto Wetu Shuleni

Mada iliyotolewa na idara ya elimu katika semina ya kamati za elimu za parokia na wafadhili wa mfuko wa karo





Mada tuliyopewa imetokana na swali ambalo limetufikia kutoka parokia nyingi. Mzazi anakuja kwa katibu wa kamati na karatasi ya matokeo mkononi. Anasema, "Mtoto amemaliza gredi ya tisa. Hapa sioni alama kati ya mia tano. Naona ME1, naona AE2. Je, amepita au ameanguka?" Katibu naye anaifungua fomu yetu ya maombi ya karo, anafika kwenye mstari unaosema "Alama za KCPE", na kalamu inasimama. Mfuko wetu uliwekewa kigezo cha alama 350 kwa kuwa huo ndio mtihani uliokuwapo. Mtihani huo haupo tena. Watoto bado wapo, na umaskini wa nyumba zao bado upo. Hivyo basi, tusipouelewa mfumo huu mpya, tutawaacha nje watoto ambao mfuko huu ulianzishwa kwa ajili yao.

Tulikotoka

Mfumo wa 8-4-4 ulianza mwaka 1985, na mwaka huo huo watahiniwa wa kwanza walifanya KCPE. Mtoto alisoma miaka minane ya msingi, kisha kwa siku chache za mwisho wa mwaka wa nane akaulizwa yote aliyofundishwa. Katika miaka ya karibuni kulikuwa na karatasi tano, kila moja ikiwa na alama 100, na jumla ilikuwa 500. Jumla hiyo ndiyo iliyoamua ataitwa shule ya kitaifa, ya kaunti au ya kutwa karibu na nyumbani. Mtoto aliyeamka na malaria asubuhi ya Hisabati alikuwa na bahati mbaya, wala hapakuwa na njia ya kuonyesha kwamba kwa miaka saba alikuwa akifanya vizuri.

Mtaala wa umilisi, ambao wengi tunauita CBC, ulianza kufundishwa nchini kote Januari 2019 katika madarasa ya chini. Mpangilio wake ni 2-6-3-3-3: miaka miwili ya chekechea, sita ya msingi, mitatu ya sekondari ya chini, mitatu ya sekondari ya juu, na mitatu ya chuo. Kundi la kwanza lilifanya tathmini ya gredi ya sita, KPSEA, mwaka 2022. Mwaka 2023 KCPE ikafanywa kwa mara ya mwisho. Mwishoni mwa Oktoba na mwanzoni mwa Novemba 2025, kundi lile la kwanza, zaidi ya wanafunzi milioni 1.1, likafanya tathmini ya gredi ya tisa, KJSEA, ili kuingia gredi ya kumi Januari 2026.

Tunawakumbusha pia kwamba ndugu zao wakubwa waliofanya KCPE ya mwisho wanaendelea na 8-4-4 hadi KCSE ya mwaka 2027. Wanafunzi hao tuliowaahidi karo wataendelea kulipiwa kwa masharti yale yale.

Mfumo mpya unavyofanya kazi

Neno la kushika ni "tathmini". Mtihani mmoja umegawanywa na kutandazwa katika miaka kadhaa.

Katika gredi ya nne na ya tano, mtoto hufanya kazi za kupimwa shuleni kwake. Kazi hizo huandaliwa na Baraza la Mitihani la Kitaifa, KNEC. Mwalimu huzichukua kutoka tovuti ya Baraza, huzichapisha, husimamia, husahihisha kwa kufuata mwongozo wa viwango, kisha hurudisha alama kwenye tovuti hiyo. Kazi za miaka hiyo miwili huchangia asilimia 40 ya matokeo ya gredi ya sita, asilimia 20 kila mwaka. Karatasi za KPSEA zenyewe huchangia asilimia 60. Matokeo haya hayamzuii mtoto yeyote kuingia gredi ya saba. Kazi yake ni kuwaonyesha mwalimu na mzazi mahali mtoto aliposimama.

Lakini hayatupwi. Mtoto anapofika gredi ya tisa, hesabu yake hukusanywa hivi: asilimia 20 kutoka KPSEA ya gredi ya sita, asilimia 20 kutoka kazi za shuleni za gredi ya saba na ya nane, na asilimia 60 kutoka KJSEA.

Kusoma karatasi ya matokeo

Katika gredi ya tisa kuna masomo tisa: Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara ya Kenya, Hisabati, Sayansi Jumuishi, Kilimo, Maarifa ya Jamii, Masomo ya Msingi ya Ufundi, Sanaa Bunifu na Michezo, na Elimu ya Dini. Kila somo hupewa kiwango chake. Viwango vikuu ni vinne, na kila kimoja kimegawanywa mara mbili:

EE ni kuzidisha matarajio. EE1 ni asilimia 90 hadi 100, pointi 8. EE2 ni 75 hadi 89, pointi 7.

ME ni kufikia matarajio. ME1 ni 58 hadi 74, pointi 6. ME2 ni 41 hadi 57, pointi 5.

AE ni kukaribia matarajio. AE1 ni 31 hadi 40, pointi 4. AE2 ni 21 hadi 30, pointi 3.

BE ni kuwa chini ya matarajio. BE1 ni 11 hadi 20, pointi 2. BE2 ni 1 hadi 10, pointi 1.

Masomo tisa mara pointi nane ni 72, na hicho ndicho kilele. Tunajua kishawishi kilichopo hapa. Kamati inaweza kusema, "Basi 72 ndiyo 500 mpya, tuweke mpaka wetu hapa, mambo yaishe." Tunawaomba msifanye hivyo. Tuchukue watoto wawili wenye pointi 45 kila mmoja. Wa kwanza ana EE2 katika Sayansi Jumuishi na Hisabati, na AE1 katika Sanaa na Maarifa ya Jamii. Wa pili ana kinyume chake. Jumla ni moja, lakini hao ni watoto wawili tofauti, wanaohitaji shule tofauti. Anayetazama jumla peke yake amefunga macho yasione kile ambacho karatasi hii iliandikwa kukionyesha.

Sisi wasomaji wa Injili hatuna sababu ya kushangaa. Katika mfano wa talanta, kila mtumishi alipewa kadiri ya uwezo wake, na yule wa talanta mbili aliporudi na nyingine mbili alipokea sifa ile ile aliyopokea mwenye tano.

Uzito umehamia njiani

Hapa ndipo penye kiini cha mada yetu, na tunaomba mtusikilize vizuri.

Tufanye hesabu ndogo ya mfano. Wanafunzi wawili wamepata sawa katika somo moja: asilimia 50 kwenye KPSEA, na asilimia 60 kwenye karatasi ya KJSEA. Tofauti yao ni kazi za shuleni za gredi ya saba na ya nane. Wa kwanza alikuwa na vifaa na alihudhuria, akapata 70. Wa pili alikosa vifaa na siku nyingi alikuwa nyumbani, akapata 35. Wa kwanza anapata 10 na 14 na 36, jumla 60, yaani ME1. Wa pili anapata 10 na 7 na 36, jumla 53, yaani ME2. Mtihani wa mwisho waliufanya sawasawa, lakini kiwango kimetofautiana kwa sababu ya mambo yaliyotokea mwaka mmoja au miwili kabla.

Kwa hiyo, yule mfadhili mwema anayesubiri matokeo ya Desemba ili amchukue mtoto, anafika wakati sehemu kubwa ya safari imekwisha. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Chini ya mfumo wa zamani, tungeweza kutega macho mwisho wa darasa la nane, maana kila kitu kiliamuliwa pale. Chini ya mfumo huu, ufa unaanza gredi ya nne.

Mahali watoto wetu wanapokwama

Kutokana na mazungumzo yetu na walimu na wazazi, tumeona vikwazo vinne ambavyo kamati ya parokia inaweza kuvigusa kwa mkono wake.

Kwanza, karatasi. Kazi za KNEC huja kwa njia ya intaneti na lazima zichapishwe. Shule isiyo na umeme wala mashine humtuma mwalimu mjini na flashi, na gharama hiyo mara nyingi humrudia mzazi.

Pili, vifaa vya miradi. Kilimo, Sanaa na Ufundi hupimwa kwa kutenda. Mtoto huambiwa alete mbegu, kitambaa, rangi, mbao. Asiyekuwa navyo huona haya, akabaki nyumbani siku ile ile anayopimwa. Walimu wengi wana hekima ya kutumia udongo, makuti, magunia na chupa tupu, na tunawapongeza. Hata hivyo, si kila kitu hupatikana bure.

Tatu, maabara. Desemba 2022 iliamuliwa kwamba sekondari ya chini iwe ndani ya shule za msingi. Uamuzi huo uliwaweka watoto karibu na nyumbani, jambo ambalo wazazi wengi walilifurahia. Lakini shule za msingi hazikuwa zimejengwa zikiwa na maabara, na Sayansi Jumuishi inadai majaribio.

Nne, cheti cha kuzaliwa. Mtoto husajiliwa kwenye mfumo wa Wizara kwa namba ya cheti chake. Asiye na cheti husumbuka kila hatua. Mara nyingi ni yatima, au mtoto aliyelelewa na bibi, au aliyezaliwa nyumbani. Kwa usajili wa kuchelewa, kadi ya kliniki na cheti cha ubatizo husaidia. Ndugu zetu, daftari la ubatizo liko katika ofisi ya parokia. Msaada huu hautudai hata shilingi moja ya wafadhili. Unamtaka katibu afungue kabati.

Kuchagua shule na njia

Jambo jingine jipya ni kwamba mwanafunzi wa gredi ya tisa huchagua njia yake katika sekondari ya juu. Njia ni tatu: Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, Sayansi za Jamii, na Sanaa na Michezo. Si kila shule ina njia zote tatu. Katika uchaguzi wa kundi la kwanza, kila mwanafunzi alichagua shule 12: tisa za bweni, tatu kati ya hizo zikiwa katika kaunti yake na sita nje, pamoja na tatu za kutwa katika kaunti ndogo ya nyumbani. Shule nazo zimepangwa katika makundi manne, C1 hadi C4. C1 ni zile zilizokuwa za kitaifa.

Hapa mzazi asiyejua husema, "Andika zile zenye jina." Kisha mtoto huitwa mbali, karo ikashindikana, kitanda kikabaki wazi. Karo ya bweni iliyowekwa kwa shule zilizokuwa za kitaifa ni Sh53,554 kwa mwaka, kabla ya sare, godoro na nauli. Katika shule za kutwa Serikali hugharamia masomo, naye mzazi hubaki na sare, chakula cha mchana na mahitaji mengine. Shule tatu za kutwa zisijazwe kwa kufumba macho. Kwa watoto wetu wengi, huko ndiko watakakosoma, na ni lazima tujue mapema ipi kati yake ina njia anayoitaka mtoto.

Maswali tunayoulizwa

Wazazi hutuuliza: kama hakuna kufeli, mtoto atajitahidi kwa nini? Tunajibu kwamba viwango vipo na vinaonekana, na nafasi katika shule zinazotafutwa na wengi bado ni chache. Kilichobadilika ni kwamba mtoto anajitahidi kwa miaka, badala ya kukesha mwezi mmoja.

Wengine huuliza: kama mwalimu ndiye anayetoa alama, je, hatapendelea? Wasiwasi huu ni wa haki. Kwa sababu hiyo sehemu kubwa, asilimia 60, imebaki kwa mtihani wa kitaifa unaofanywa na wote kwa pamoja. Sehemu iliyobaki inahitaji mwalimu mwaminifu na mzazi anayefika shuleni. Anayekwenda kuuliza kazi za mwanawe mara moja kila muhula hupunguza upendeleo na uzembe kwa pamoja.

Tunayopendekeza

Baada ya kuyatafakari haya, idara inaleta mapendekezo matatu ili kamati zikayajadili na kuyaamua.

La kwanza: mstari wa "Alama za KCPE" uondolewe katika fomu. Mahali pake paandikwe kiwango cha mtoto katika kila somo, njia anayoikusudia, mahudhurio yake kama yalivyothibitishwa na mwalimu mkuu, na taarifa ya hali ya nyumbani iliyoandikwa na jumuiya ndogo ndogo baada ya kumtembelea. Mtoto wa ME2 aliyetembea kilomita nyingi kila siku na kulea wadogo zake anaweza kustahili kuliko wa EE2 ambaye baba yake ana duka.

La pili: kila parokia ifungue daftari la watoto wenye mahitaji kuanzia gredi ya nne. Wajumbe wawili walishike, na kila muhula waulize mambo manne tu: Je, yuko shuleni? Ana cheti cha kuzaliwa? Alifanya kazi za kupimwa? Alikosa nini? Atakapofika gredi ya tisa, hatutakuwa tunamtambua kwa mara ya kwanza.

La tatu: sehemu ya mfuko ihamishwe kutoka karo ya bweni kwenda kwenye msaada wa mapema, yaani kuchapisha, vifaa vya miradi na majaribio ya sayansi. Pale ambapo parokia ina sekondari yenye maabara, tunaomba wasimamizi wafikirie kuwafungulia watoto wa sekondari ya chini Jumamosi. Chumba kilichofungwa hakimfundishi mtu.

Hatutaki kuwaficha gharama ya pendekezo hili la tatu. Fedha ni zile zile. Tukitoa sehemu kwa watoto wa gredi ya nne hadi ya nane, watoto wachache zaidi watalipiwa bweni. Ni uamuzi mzito, maana nyuma ya kila nafasi kuna jina. Tunaamini kwamba karo ya mtoto mmoja wa bweni kwa mwaka inaweza kuwanunulia vifaa na karatasi watoto wa darasa zima. Hata hivyo, kamati ndizo zinazowajua watoto, na uamuzi uwe wenu.

Neno kwa wafadhili

Kwenu wafadhili wetu, tunajua mmezoea kupokea kutoka kwetu jina la mtoto na alama zake. Zilikuwa rahisi kusoma, hata kwa mtu aliye mbali na asiyemjua mtoto. Kuanzia sasa mtapokea karatasi ndefu kidogo: masomo tisa, viwango tisa, na maelezo mafupi ya mwalimu na ya jumuiya. Baadhi ya fedha zenu hazitakuwa na jina la mtoto mmoja. Zitakuwa rimu za karatasi, mbegu, misumari, na nauli ya bibi aliyekwenda kwa msajili wa vizazi na mjukuu wake. Tunaomba mtukubalie. Hesabu za vitu hivyo zitaandikwa na kukaguliwa kama zile za karo, na kila parokia itazisoma hadharani mara moja kwa mwaka.

Mwisho, tunawarudishia wajumbe lile swali la mzazi: amepita au ameanguka? Mtakapoulizwa, msijibu haraka. Kaeni naye, isomeni karatasi somo kwa somo, mwonyesheni mahali mwanawe alipo na nguvu na mahali anapohitaji mkono. Kisha mwulizeni wale wadogo waliobaki nyumbani wako gredi gani, na muandike majina yao.

Fomu mpya zinapatikana kwa makatibu wa kanda. Tunaomba kila kamati ilete uamuzi wake juu ya mapendekezo haya kabla ya muhula ujao kuanza.

Mungu awabariki, aibariki kazi ya mikono yenu, na awalinde watoto wetu wote.